Mfiwa Hana Ufunguo

Siku niliyorudisha ovaroli, karani wa stoo alinitaka nisaini kwamba nimerudisha na buti. Buti sikuwahi kupewa. Nikasaini. Aliyekaa shamba la mkonge muda wote niliokaa mimi huacha kubishana na daftari. Nilipotoka nje, ninyi wa karakana mkanizingira mkitaka niwaandikie jinsi tulivyoendesha mitambo enzi zile ambazo nchi nzima ilikuwa inapanga foleni ya sabuni. Mnapenda kusikia habari za grisi tuliyoipika kwa mafuta ya ng'ombe, na mikanda ya mashine tuliyoishona kwa kamba ya mkonge wenyewe. Hayo ni madogo. Mwenye njaa hupika chochote. Kilichonitoa jasho zaidi ya miaka kumi ni kumwambia mwenzangu, "Fanya wewe," kisha nikaondoka bila kugeuza shingo.

Shule niliiacha darasa la tano. Akili sikukosa. Dirisha la darasa letu lilitazama barabara ya Pangani, na kila lori lililopita lilinichukua na kumwacha mwalimu akiniita jina mara tatu. Nikawa utingo wa lori la nazi, nikakusanya chumvi, nikakanda unga kwenye tanuri la mikate kule Usagara, nikauza barafu. Kila kazi niliiacha siku nilipomaliza kuielewa. Kwenye shamba la mkonge nilikuja kukaa wiki mbili. Mashine moja ikakataa kueleweka, ndiyo sababu nimezeeka pale.

Mashine hiyo ni korona. Ninyi jina hilo mlilisikia baadaye likiwa la ugonjwa. Sisi lilikuwa la chakula chetu. Jani la mkonge linaingia bichi na zito. Gurudumu kubwa la chuma lenye visu butu linalipondaponda kwenye bamba tunaloliita kifua, maji yanaosha, na upande wa pili zinatoka singa, nyuzi nyeupe ndefu. Siri yote iko katika nafasi kati ya visu na kifua. Ikibana, singa zinakatika. Ikilegea, nyama ya jani inabaki na singa zinakauka zikiwa na rangi ya kijani kama zimeugua. Nafasi hiyo ni nyembamba kama ukucha, na juu ya ukucha huo shamba zima lilisimama.

Aliyenifundisha ni Mzee Kombo, Mpemba, mtu mfupi asiyependa maneno. Siku ya kwanza sikupewa spana. Alinikalisha kwenye debe, akaniambia nifumbe macho nisikilize mashine mpaka saa sita mchana.

"Yakhe, umesikia nini?"

"Kelele."

"Njoo kesho."

Siku ya tisa nikamwambia beringi moja, upande wa bomba la maji, inalia kama mtoto aliyenyimwa. Hakunisifu. Alinipa spana akaondoka kwenda kunywa kahawa. Nilidhani ametoroka kazi. Nilifungua ile beringi peke yangu, nikaifunga vibaya, nikaifungua tena. Aliporudi alikuta nimemaliza, akaitikia kwa kichwa, basi. Miaka mitatu alinifundisha hivyo hivyo, kwa kwenda kunywa kahawa, na mimi mjinga nikadhani Mzee anapenda kahawa.

Aliporudi Pemba kwenye mikarafuu yake, alinikabidhi ufunguo wa kabati la vifaa. "Ufunguo huu si wako," akasema. "Ni wa kabati." Nikaitikia. Nilielewa kwamba ananionya nisiibe.

Miaka ikawa migumu. Vipuri hakuna, mafuta ya mitambo kwa kibali, na spana nzuri mjini ilibadilishwa kwa sukari bila maswali. Spana kumi na mbili zilizokuwa kabatini ndizo zilizobaki shamba zima. Nikaufunga ufunguo kiunoni kwa kamba ya mkonge, nikalala nao, nikaoga nao. Vile vipimo vya chuma vya kupimia nafasi ya visu vilipopotea, nilichukua kipande cha msumeno uliovunjika, nikakisugua kwenye jiwe siku mbili mpaka kikaingia sawasawa kati ya kisu na kifua. Kikawa kipimo chetu. Nasema chetu, lakini kilikaa mfuko wa shati langu na hakuna aliyekishika. Mwanzo ulikuwa uangalifu. Baadaye ukawa tabia, na tabia haina haya.

Wakati huo nimeshawekwa kiongozi wa mafundi. Tulikuwa wanane, lakini habari hii ni ya wawili. Wa kwanza ni Maganga, Mnyamwezi aliyekuja pwani kukata mkonge, akahamia karakana kwa sababu ya nguvu za mikono yake. Mimi Mdigo wa Chumbageni, kwa hiyo tulikuwa watani, na mnajua mtani hana adabu wala hatakiwi kuwa nayo. Wa pili ni Mwanaidi, mama wa Mwera, aliyetoka kwenye brashi, ile mashine ya kusafishia singa kavu. Vumbi la kule lilimkohoza mpaka akaja mwenyewe kuomba kazi kwangu. Nikampa kupaka grisi. Nilijiona nimemtendea wema mkubwa.

Kugawa kazi nilijua, kwa jinsi yangu. Nilimwambia Maganga akaze bolti za kifua, na kabla hajamaliza ya pili nimeshamnyang'anya spana nikaze mwenyewe. Akavumilia muda, kisha siku moja akakaa chini mbele ya watu.

"Mtani, ukitaka nikae, sema kaa. Usinipe spana nikushikie kama mshumaa."

Mwanaidi hakusema. Kila alipopaka grisi nilimfuata na tambara, nikafuta, nikapaka upya. Asubuhi moja nikafuta, nikapaka, nikagundua kwamba kulikuwa hakuna kitu cha kufuta. Nikamuuliza kwa nini hakupaka. Akaniambia kwa heshima zote kwamba alijua nitarudia, akaona aniachie moja kwa moja. Nikamkaripia. Ninyi mnacheka, najua, lakini wakati huo nilitoka pale nikilalamika moyoni kwamba nimezungukwa na wavivu, na mimi peke yangu ndiye ninayelibeba shamba hili.

Kisha nikaenda Tanga mjini kutafuta beringi. Siku mbili nilizunguka kwa mafundi wa Usagara na maduka matupu. Nilirudi na beringi iliyokwishatumika, nimeridhika, nikakuta korona imekaa kimya. Mkanda ulitoka saa moja baada ya mimi kuondoka. Kuurudisha kulihitaji spana moja, na spana ilikuwa kabatini, na ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu ukitembea Usagara. Jani la mkonge likikatwa halingoji. Nyuma ya karakana kulikuwa na rundo la kufika dirishani, limechacha, nzi wameshafanya mji. Wakataji walisimama pembeni wananitazama. Wale watu walikuwa wameinama kwenye miiba siku mbili kwa kazi ile.

Meneja akauliza kwa nini kabati halikuvunjwa.

"Kabati ni la shamba," Maganga akamjibu, "ila ufunguo ni wa Bakari."

Mtu mwingine angepata somo. Somo nililolipata mimi ni kwamba nisisafiri tena. Na sikusafiri. Mama yangu alikuwa Chumbageni, mwendo wa asubuhi moja kwa lori, na nikapitisha miezi bila kumtembelea, nikimpelekea salamu na mihogo kwa utingo. Niliwaambia watu kwamba kazi haina mtu.

Ikaja enzi ya ruksa. Maduka yakajaa sabuni za rangi ambazo hatukujua zinafulia nini, na shamba likapata mwenye mali mpya. Mwakilishi wake alikuja na sanduku la mbao lenye visu vipya, vimefungwa kwenye karatasi ya mafuta kama maandazi. Nilivishika nikatamani kuvinusa. Akatukusanya karakana akasema maneno machache. Visu vifungwe. Jumatatu asubuhi atakuja aone singa zinazotoka. Zikiwa safi, mafundi wanabaki. Zikiwa mbaya, ataleta watu wake, na sisi tutoke kwenye kazi na kwenye nyumba, maana nyumba za pale ni za wafanyakazi. Alizungumza kwa upole. Nimeona kwamba watu wa namna ile hawana haja ya ukali.

Mimi ningeweza kurudi Chumbageni kwa mama. Maganga kwao hakukujua tena. Watoto wake wote wamezaliwa kwenye zile nyumba. Mwanaidi alikuwa na wazee wawili na mjane wa kaka yake katika chumba kimoja. Niliwatazama, nikaamua, kwa huruma kubwa, kwamba kazi hii nitaifanya peke yangu.

Alhamisi mchana gurudumu lilikuwa limefunguliwa, nusu ya visu vimefungwa, nusu viko chini kwenye gunia. Sikumruhusu mtu kugusa. Maganga alikuwa anafagia na Mwanaidi anafua matambara. Ndipo utingo wa lori akaingia, akanishika mkono badala ya kunisalimia. Mama ameaga dunia. Ghafla tu, akipika vitumbua.

Nilipanda lorini vile vile nilivyo. Tulipopita daraja ndipo nikapapasa kiuno. Ufunguo. Nikapapasa na mfuko wa shati. Kipande cha msumeno. Kwa mara ya pili nilikuwa nimeondoka na korona nzima mwilini, na safari hii sikuwa na la kumlaumu mtu.

Tulimzika Ijumaa baada ya swala. Watu wa shamba walikuja na lori, na mbele yao wote Maganga, amejifunga kanga kichwani, anauliza kwa sauti ni nani aliyeruhusu mama mkwe wake afe bila kumuaga. Hiyo ndiyo kazi ya mtani msibani. Anafanya fujo, anakataza kaburi lisifukiwe mpaka apewe chake, na katikati ya fujo hiyo yeye ndiye anayebeba, anayechota maji, anayepasua kuni, anayehakikisha wali umeiva. Mfiwa hafanyi kitu. Mfiwa anakaa mkekani.

Mimi nilikuwa sikai. Nilikuwa nje napanga kuni, naelekeza sufuria, nahesabu viti. Maganga akaja akanishika bega akaniketisha kama gunia.

"Mtani, kiunoni una nini?"

"Ufunguo wa kabati. Nitakupa baadaye nikuelekeze..."

"Mfiwa hana ufunguo. Mfiwa hana hata kibiriti. Lete."

Nikamwambia huu si utani, hii ni kazi, mwakilishi anakuja Jumatatu. Akawageukia watu wote waliokaa pale.

"Jamani, mtazameni mfiwa wenu. Mama yake yumo ndani ya sanda, yeye analinda spana."

Watu wakacheka. Shangazi yangu, nyuma ya pazia na macho yamemvimba, nikamsikia naye anacheka, kisha akasema nimuachie mtani chake, kwamba nimemrithi marehemu kwa ukaidi, mwanamke aliyefanya biashara miaka yote na hakuna aliyewahi kugeuza kitumbua chake hata kimoja.

Ukiwa msibani, mtani akikudai, unatoa. Hakuna meneja anayeweza kukuokoa hapo. Nikafungua kamba. Ufunguo nikampa.

"Utaukomboa kwa jogoo," Maganga akasema. "Si kifaranga. Jogoo mwenye ndevu."

"Sikiliza basi, ile nafasi ya visu..."

"Nyamaza. Unafiwa."

Akaondoka na lori. Nikabaki mkekani, na baada ya muda nikakumbuka kwamba kipande cha msumeno bado kiko mfukoni. Ufunguo amechukua, kipimo hana. Atafungua kabati, atatoa spana, atafunga visu, na nafasi ataipima kwa nini, kwa kidole?

Jumamosi yote nilikaa Yasini ikisomwa, na kichwani nikifunga bolti. Nikamwomba mjomba ruhusa ya kutoka mara moja tu. Akaniuliza matanga yanakwishaje bila mwenye msiba. Nikatafuta mtu wa kupeleka kipimo. Lori hakuna mpaka Jumatatu. Kila aliyenipa mkono wa pole aliona jasho langu akazidi kunihurumia.

Jumapili alasiri, shangazi aliniletea kikaango cha vitumbua cha mama, kile chenye mashimo saba, akaniuliza akipeleke wapi. Nilikishika. Kilikuwa na masizi ya Alhamisi. Nikagundua kwamba siku tatu nimekaa kwenye mkeka wake na sikuwa nimemfikiria mama kwa muda wa kunywa maji. Miezi yote ile niliyosema kazi haina mtu, alikuwa hapa anapika. Nikalia hapo. Nililia mpaka korona ikatoka kichwani, na iliyobaki ya siku hiyo nilikuwa mfiwa kama wafiwa wengine.

Jumatatu nilirudi na lori la kwanza. Kabla hatujafika kwenye kona ya shamba niliisikia. Nikafumba macho, kama nilivyofundishwa, nikatafuta kinacholia. Hakikuwepo. Ilikuwa inakwenda laini kuliko nilivyowahi kuiendesha, na nikaudhika. Naandika kweli tupu. Nyumba za watu wanane zimeokoka, na mimi ndani ya lori nimekunja uso.

Mwakilishi alishakuja, ameshaondoka. Mwanaidi alinieleza huku akipangusa mikono. Kipimo hawakuwa nacho, kwa hiyo hawakupima. Walifunga visu, wakaingiza majani machache, yeye akazitazama singa. Miaka yake kwenye brashi ilimfundisha kusoma singa kama barua. Zilizokatika fupi, akamwambia Maganga alegeze. Zenye kijani, akamwambia akaze. Jumamosi nzima na Jumapili, jani moja moja. Nikatoa kipande changu cha msumeno nimwonyeshe. Akasimamisha mashine, akakichomeka kwenye nafasi aliyoiweka yeye. Kilicheza, nafasi yake ilikuwa pana kuliko kipimo changu.

"Hiki kinabana, fundi," akasema polepole. "Ndiyo maana kule brashi tulikuwa tunapata vipande vingi."

"Tangu lini?"

"Tangu niko kule."

"Na hukusema?"

Akawasha mashine tena. Nilikuwa nimempa kazi ya kupaka grisi, na hata hiyo nilikuwa nimemnyang'anya. Angesema wapi?

Kuhusu mwakilishi, aliuliza kiongozi wa mafundi yuko wapi. Maganga akamjibu kwamba yuko msibani, na kazi yote amewaachia wao. Mwakilishi akafurahi sana. Akasema hivyo ndivyo kiongozi anavyotakiwa kuwa, mtu anayewaamini watu wake. Maneno hayo yaliandikwa kwenye barua ya kutubakiza kazini, na barua ikabandikwa ukutani, na mimi nikapita mbele yake kila siku, nimesifiwa kwa jambo nililofanyiwa kwa nguvu mbele ya shangazi yangu.

Nikamwomba Maganga ufunguo.

"Jogoo."

Nikamwambia tuko kazini sasa. Akasema na yeye yuko kazini. Kwa hiyo wiki baada ya wiki, mimi kiongozi, nikihitaji spana nilisimama mbele ya kabati nikaomba. Akaniuliza ya kazi gani, na nani anaifanya. Nikisema naifanya mimi, alinipa tambara. Nikisema jina la mtu mwingine, alimpa yule mtu. Nilikasirika mpaka nikachoka, na nilipochoka nikawa sina la kufanya ila kukaa kwenye debe na kusikiliza. Nilianza kunywa kahawa. Siku moja kikombe kikiwa mkononi nikamkumbuka Mzee Kombo, nikamwaga nusu yake kwa hasira.

Mwishowe nikasema yaishe. Nikaenda Mwera nikanunua jogoo, mwekundu, mwenye ndevu kama alivyotakiwa, nikaingia naye karakana asubuhi nimembana kwapani. Maganga alikuwa chini ya mkanda, Mwanaidi anaelekeza. Nikawaambia nimekuja kukomboa ufunguo.

Maganga akatoa kichwa. "Ufunguo? Upo nyumbani, watoto wanauchezea."

Nikatazama kabati. Kufuli lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, limeanza kutu. Milango ilikuwa wazi, na kwa vumbi lililokaa kwenye bawaba ilionekana imekuwa wazi tangu siku ya msiba. Kila nilipokuja kuomba, Maganga alikuwa anasimama mbele yake tu na mgongo wake mpana. Nikahesabu spana. Kumi na mbili.

"Unakaribishwa kulifunga," Mwanaidi akasema, na wala hakuinua macho kutoka kwenye kazi.

Nikageuka na jogoo wangu, kufuli nikaliacha kwenye msumari wake. Njiani kuelekea nyumbani aliwika mara mbili.